Mipira ya matone kwenye bustani ya mteremko: kwa mnaoanza

Wengi wanaoomba ushauri wa bustani hapa Moshi huanza na mpira wa matone, ule wenye matundu madogo yanayodondosha maji kidogo kidogo kwenye mizizi: ninunue mita ngapi, wa aina gani? Ninawasihi muanze na mteremko wa kiwanja na maji mliyo nayo. Mpira ni wa kununua mwisho.

Nyumba nyingi za Uru, Kibosho na kwingineko mlimani zimekaa kwenye mteremko. Tanki likiinuliwa mita 1 juu ya matuta, presha yake ni bar 0.1 tu (bar ni kipimo cha presha). Ukiulaza mpira kufuata mteremko, na mwisho wake ukawa mita 1 chini ya mwanzo, presha ya kule chini inakuwa mara mbili. Maji yenyewe yatazidi kwa takribani asilimia 40, na hiyo inatosha kabisa kuacha miche ya juu ikinyauka huku ya chini imesimama kwenye tope. Kwa hiyo matuta yakinge mteremko, mipira ilale juu yake kwa usawa, na bomba kuu peke yake ndilo literemke. Kila mpira upewe koki yake ndogo pale unapoungana na bomba hilo, ili ile ya chini uibane kidogo. Kupima usawa si kazi ngumu: fundi mwashi yeyote anajua kutumia mpira mwangavu uliojazwa maji. Mwombe, hata kwa kumlipa.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu hukata tamaa. Dukani utaambiwa kila tundu linatoa lita 1 kwa saa. Mara nyingi kipimo hicho ni cha presha ya bar 1. Kwa tanki la mita 1 utapata karibu theluthi yake. Mipira 4 ya mita 10, yenye tundu kila sentimita 30, ina matundu kama 130; yote kwa pamoja yatatoa lita 40 hivi kwa saa. Pipa la lita 200 litachukua saa 5 kuisha, na kila mche utapata lita 1 na nusu. Ni kiasi kizuri kwa nyanya au sukuma wiki wakati wa kiangazi. Lakini ukifungua nusu saa tu kama ulivyozoea na mpira wa kawaida, utalowanisha vumbi na mizizi itabaki na kiu. Usinunue mipira ambayo matundu yake hujirekebishia presha. Ile inahitaji nguvu ambayo pipa lako halina.

Chujio ni lazima. Maji ya mfereji huja na matope na majani, na hata ya bomba huchafuka mvua ikinyesha sana. Nunua chujio la wavu la namba 120 (yaani vitundu 120 kwa kila inchi ya wavu), ulifunge baada ya koki ya tanki, mahali mkono unapofika bila shida, kwa sababu chujio lisilofikika halisafishwi. Koki yenyewe itobolewe juu kidogo ya sakafu ya tanki ili mchanga utulie chini. Tanki liwe jeusi au lifunikwe vizuri. Mwanga ukiingia, mwani huota na kuziba matundu. Kila baada ya wiki moja au mbili, fungua miisho ya mipira maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi. Maji ya samadi usiyapitishe humo kamwe. Mwagia kwa mkono.

Kabla ya kupanda, weka makopo madogo chini ya matundu, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kila mpira, kwa nusu saa. Linganisha. Kopo likipungukiwa sana, tafuta uchafu au mpira uliojikunja.

Nyanya ndizo zinazonufaika zaidi: majani hubaki makavu, ukungu hupungua, na maji yasiyoyumba huzuia tunda kuoza kitako. Mchicha uliosiwa kwa kutawanya, kwa maoni yangu, uachie keni ya kumwagilia. Matone hayafiki kila shina.

Masika yakishika, kuanzia Machi, toa maji yote, kunja mipira kwa duara pana na uining'inize kivulini, mbali na panya. Huitafuna.