Ajira zimejaa Japani, mbona uchumi umedumaa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma uchumi, mwaka wa pili. Mwaka 2019 ukosefu wa ajira Japani ulikuwa asilimia 2.4 tu, lakini tunafundishwa kwamba uchumi wake umedumaa tangu miaka ya 1990. Kama karibu kila mtu ana kazi, huko kudumaa kuko wapi?

JIBU: Marahaba. Kuko kwenye kazi zenyewe, mahali ambapo hiyo asilimia 2.4 haifiki. Kila mara nakutana na mtu anayeitoa tarakimu hiyo kama cheti cha afya ya uchumi, na inaniudhi.

Bei za hisa na ardhi zilipoporomoka baada ya 1989, kampuni nyingi za Japani hazikuwafukuza wafanyakazi wa zamani. Zilifunga mlango wa kuingilia. Kule vijana wanaomaliza chuo huajiriwa kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka. Waliohitimu mlango ukiwa umefungwa, wengi hawakupata nafasi tena. Wakaangukia vibarua na mikataba mifupi, bila mafunzo kazini, bila kupanda daraja. Wajapani huwaita kizazi cha enzi ya barafu ya ajira. Mwaka 1990 walio nje ya ajira za kudumu walikuwa kama mmoja kati ya wafanyakazi watano. Kufikia 2019 walizidi mmoja kati ya watatu. Wote hao wanahesabiwa wana kazi. Tena watu wa miaka 15 hadi 64 wanapungua tangu katikati ya miaka ya 1990, hivyo hata uchumi usiokua unaweza kuhangaika kutafuta wafanyakazi. Ukosefu wa ajira ukashuka, mishahara halisi, yaani ukiondoa kupanda kwa bei, ikabaki palepale.

Sasa rudi nyumbani. Kwa kanuni ya Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato walau saa moja katika wiki inayochunguzwa ana ajira. Kijana wa bodaboda aliyepata abiria wawili wiki nzima na mhasibu wa benki wanaingia safu moja. Halafu wachambuzi wa kujipachika wanachukua kiwango chetu cha ukosefu wa ajira peke yake, wanakilinganisha na cha Ulaya, na kutangaza kwamba tunawashinda! Huo ni upotoshaji, na vijana wanaotafuta kazi ndio wanaoumia, kwa sababu tatizo lao limefutwa kwenye karatasi. Mtu akikupa kiwango cha ukosefu wa ajira peke yake, mwulize: saa ngapi kwa wiki, kwa ujira gani, kwa mkataba gani? Akishindwa kujibu, usiiweke takwimu yake kwenye tasnifu yako.