Roosevelt alimjibu kweli Mother Jones?

Umeuliza kama Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliwahi kumjibu Mother Jones, mwanamke mtetezi wa wafanyakazi, ndio alijibiwa ila si na Rais mwenyewe. Mwaka 1903 yule mama katoka Philadelphia na watoto wa viwanda vya nguo, wengine vidole vishakatwa na mashine, wakatembea mpaka New York huku anamwandikia Rais barua awaone tu, mgomo wao ulikuwa wa kutaka saa 55 kwa wiki badala ya 60. Kilichorudi ni barua ya sekretari, eti Rais anawahurumia sana ila kikatiba Bunge halina mamlaka ya kuzuia ajira ya watoto. Kwangu mimi alikwepa, angetoka hata nje akawaangalia vile vidole. Sheria ya nchi nzima ya kubana ajira ya watoto iliyodumu imekuja kupitishwa 1938.