Maswali Yenu: Mifumo ya ulinzi imejaa, watu hatutoshi

SWALI: Habari za kazi mshauri. Naongoza timu ndogo ya usalama wa mtandao kwenye kampuni yetu, tuko watu wanne tu. Kila ukaguzi ukipita au bosi akisikia kuna kampuni imedukuliwa tunanunua kitu kipya, sasa tuna antivairasi mbili, skana mbili za kutafuta udhaifu, mfumo wa kukusanya logi (kumbukumbu za yanayotokea kwenye mashine), wa kuchuja barua pepe, na mingine hata aliyeileta hatumjui. Tahadhari zinaingia mchana na usiku, vijana wanazifunga bila kusoma, na mmoja kashaniambia anataka kuacha kazi. Bosi anataka tununue mfumo wa akili bandia eti utaunganisha yote. Nikubali?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Usikubali, angalau sio sasa, kwa sababu tatizo lako ni kwamba hivyo mlivyonavyo havina wenyewe, na kikija kingine nacho kitakosa mwenyewe.

Chukua Target, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, mwaka 2013. Wezi waliingia na akaunti ya kampuni iliyokuwa inawahudumia mambo ya majokofu, halafu mfumo wa ulinzi ukaiona programu yao haribifu na ukatoa tahadhari kabisa, lakini hakuna aliyechukua hatua, zikaondoka taarifa za kadi milioni 40. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, mwaka 2017 walikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano yaliyofichwa kwa usimbaji, cheti chake cha dijitali kikaisha muda na hakuna aliyekifuatilia, kwa hiyo kifaa kipo kinawaka lakini hakioni kitu. Wadukuzi waliingia katikati ya Mei, na siku walipoweka cheti kipya mwishoni mwa Julai ndio wakaona mawasiliano ya ajabu, wakati huo taarifa za watu kama milioni 147 zimeshachukuliwa. Hela ya kununua ilikuwepo kote kuwili!

Kwa hiyo anza na orodha, karatasi moja inatosha. Kila mfumo andika unalinda nini, leseni na vyeti vyake vinaisha lini, mara ya mwisho ulitusaidia nini cha kweli, na mwenyewe ni nani, hapo andika jina la mtu, sio "idara ya IT". Halafu ipange kwa zile kazi sita za mwongozo wa usalama wa mtandao wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa 2024: kusimamia, kutambua, kulinda, kugundua, kukabili, kurejesha. Timu nyingi zikifanya hivi zinakuta mifumo imerundikana kwenye kulinda na kugundua, huku kwenye kurejesha pako patupu, na hapo ndipo pa kwenda kumwonyesha bosi kabla hajasaini kitu.

Kupunguza usikurupuke. Antivairasi mbili kwenye kompyuta moja zinagombana na kuipunguza kasi, ila kabla hujatoa moja hakikisha iliyobaki ipo kwenye mashine zote, angalia kama kuna mkataba au ukaguzi unaoidai, ondoa kwenye kundi dogo kwanza, subiri uone. Na mweleze bosi kwamba programu za aina hii zinapewa mamlaka makubwa ndani ya kompyuta, kwa hiyo kila moja unayoongeza nayo inaweza kukuangusha. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi, liliangusha mashine za Windows kama milioni 8.5, wala hakukuwa na mdukuzi.

Tahadhari sasa, maana hizi ndizo zinawamaliza vijana wako. Toa za mwezi uliopita, zihesabu kwa kanuni iliyozizalisha (yale masharti yaliyowekwa kwenye mfumo ya lini ulie), mara nyingi kelele inatoka kwenye kanuni chache tu. Kila kanuni uliza, kuna siku mtu alifanya kitu kwa sababu yake? Kama hakuna, irekebishe au izime, na uandike kwa nini umeizima. Tahadhari ambayo haina maelezo mafupi ya "ikilia fanya hivi" isimwamshe mtu usiku.

Na huyo anayetaka kuondoka kaa naye leo, usisubiri kikao. Muulize kazi ipi inamchosha bure, na anza kuondoa hiyo. Akiondoka ataondoka na mambo mengi ambayo hayajaandikwa popote.

SWALI: Je, tukihamia kwa muuzaji mmoja kwa kila kitu si ndio mwisho wa fujo?

JIBU: Fujo itapungua kweli, dashibodi moja, mkataba mmoja, mafunzo ya aina moja. Lakini akianguka yeye mnaanguka wote. Nakala zenu za akiba ziwekeni kwingine, zifunguliwe kwa akaunti tofauti, na mjaribu kuzirejesha kabla hamjasaini mkataba, sio baadaye.