Kumfanyia kazi kwa siri mwenzako asiyeimudu: je, huko ni kumsitiri?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh wetu. Ninafanya kazi katika maabara ya kituo cha afya hapa Goma. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliajiriwa kwetu kwa barua ya mkubwa mmoja, na kazi haijui. Kwa muda mrefu nimekuwa nikirudia vipimo vyake kabla ya kwenda nyumbani, kisha yeye huandika majibu daftarini na kutia sahihi yake. Asubuhi moja niliirudia slaidi ya malaria aliyoiandika hasi usiku akiwa peke yake kwenye zamu, nikaona vimelea, na mtoto mwenyewe alikuwa amekwisharudishwa kwao Sake, mji ulio karibu na Goma. Nilinyamaza. Mama mkwe anasema nikimsema nitakuwa nimemnyang'anya ndugu yetu mkate, na ustadhi mmoja amenikumbusha kwamba anayemsitiri Mwislamu, Allah atamsitiri. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullah, dada yangu. Swali lako limeninyima utulivu tangu nilipolisoma, kwa ajili ya huyo mtoto. Kwa hiyo, kabla ya hukumu yoyote, nenda leo kwa mkuu wa maabara, fungueni daftari, tafuteni jina lake na namba ya wazazi wake, na waambiwe wamlete apimwe tena, hata kama siku zimepita. Wewe unajua kuliko mimi jinsi malaria inavyomwendea mbio mtoto mdogo.

Kumsaidia mwenzako kazini hakuna anayekubishia. Ukikaa naye ukamwonyesha namna ya kutandaza damu kwenye kioo, muda wa kuiacha katika rangi ya Giemsa, na namna ya kutofautisha kimelea na uchafu wa rangi, hiyo ni sadaka. Lakini kumfanyia kazi yake, kisha akatia sahihi kana kwamba ameifanya yeye, ni kushiriki katika ushahidi wa uongo, kwa sababu daktari anaandika dawa, au anaacha kuiandika, kwa kuliamini daftari lile. Tena msaada huo ndio uliomfanya mkuu wenu amwone anafaa kuachiwa zamu ya usiku peke yake, saa ambazo wewe hupo.

Ama ustadhi aliyekusomea hadithi ya kusitiri, hadithi ni sahihi, imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, lakini ameitia mahali pasipo pake, na kosa hili limeenea mno katika ofisi zetu hata sikubali kulipita kimya. Imam Nawawi, katika kitabu chake cha kuifafanua Sahih Muslim, ameeleza kwamba sitara inayopendekezwa ni ya mtu asiyejulikana kwa madhara, katika kosa lililokwisha kupita. Ama ovu linaloendelea, anayeliona ni wajibu alizuie akiweza. Kisha akaongeza neno ambalo natamani lisomwe katika kila kituo cha kazi: kwamba wapokezi wa hadithi, mashahidi, na wale walioaminiwa sadaka, wakfu na mali za mayatima, si halali kuwasitiri pale inapoonekana kwao dosari inayowaondolea ustahiki, na kuitaja dosari hiyo panapohitajika si usengenyaji wa haramu, ni nasaha ya wajibu. Ikiwa mlinzi wa mali ya yatima hasitiriwi, vipi asitiriwe aliyeaminiwa damu ya yatima huyo? Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud kwamba anayefanya utabibu hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Kwa hiyo anayemsitiri shemeji yako anamwacha azidi kubeba dhamana asiyoijua. Na Mtume alipoulizwa namna ya kumnusuru ndugu aliye dhalimu, alijibu kwamba ni kumzuia na dhuluma yake.

Najua hali ya mji wetu. Benki zilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, kazi zimepotea, na mwenye mshahara analisha ndugu wengi. Simlaumu mama mkwe kwa kuogopa. Lakini wazazi wa Sake nao walileta mtoto wao kwa shida hizo hizo. Wala sikuamrishi umtafutie shemeji yako kufukuzwa. Abu Dharr, mmoja wa masahaba wakubwa, aliomba uongozi, Mtume akamwambia kuwa yeye ni dhaifu na uongozi ni amana. Hakumvunjia heshima, ila hakumpa alichoomba. Kijana huyu huenda akafaa kupokea wagonjwa, kuandika majina, au kuwa mwanafunzi chini ya mwenye ujuzi hadi ajue.

Basi zungumza naye kwanza, mumeo akiwapo, kwani yeye ndiye ndugu yake na kwani shemeji hawakai faragha. Mwambie wazi kwamba hutarudia tena vipimo kwa siri, na kwamba unataka aende mwenyewe kwa mkuu kuomba aondolewe zamu ya usiku na afundishwe. Zamu ya usiku isingoje mazungumzo marefu: akikataa, au akikuzungusha, mwambie mkuu siku hiyo hiyo yale uliyoyaona kwenye vioo, bila kuongeza habari za barua wala za nyumbani. Usiifiche sehemu yako mwenyewe, maana majibu ya nyuma yanahitaji kuchunguzwa na wewe ndiye unayejua yapi uliyarudia. Mama mkwe aelezwe na mwanawe, si wewe. Na ikiwa mkuu ataogopa jina la aliyeandika ile barua, lifikishe jambo kwa daktari wa kituo, kisha kwa wasimamizi wa zoni ya afya, ukiwa na nakala ya tarehe na namba za vipimo. Wallahu a'alam.