Safu ya tatu ya ripoti ya Jumatatu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama kiongozi mmoja anaweza kuubadili utamaduni wa kazi katika kampuni ya teknolojia. Nimelisoma nikiwa katika mwaka wangu wa kumi na moja wa kutengeneza programu za kompyuta hapa Dar es Salaam, na jibu langu ni kwamba anaweza, ila si kwa njia ambayo viongozi wengi huidhania. Hotuba zake hazina uzito mkubwa. Wafanyakazi humpima kwa mambo mawili: namna anavyoipokea habari mbaya inapomfikia, na kile anachokihesabu ukifika wakati wa kupandisha mishahara.

Kampuni yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilikuwa na watu wasiozidi 40 na ilitengeneza programu za kuunganisha SACCOS na mitandao ya malipo kwa simu. Ukutani, pale mapokezi, yalibandikwa maadili matano kwa Kiingereza, la kwanza likiwa uwazi. Kila Jumatatu tuliandika ripoti yenye safu tatu: yaliyokamilika, yanayoendelea, na changamoto. Hiyo safu ya tatu ndiyo iliyonifundisha yote ninayoyajua kuhusu uongozi. Neno lenyewe lilikusudiwa kumtia mtu ari, lakini maofisini limegeuka shuka la kufunikia tatizo. Seva iliyoanguka mara tatu kwa wiki iliitwa changamoto ya mtandao. Mteja aliyekatwa fedha zisizomhusu aliitwa changamoto ya muamala. Kazi iliyopitiliza tarehe ya kukabidhiwa ilikuwa changamoto ya muda. Likishaandikwa hilo hufuata "tunalifanyia kazi", na kikao husonga mbele.

Mkurugenzi wetu wa wakati ule alikuwa amerejea kutoka masomoni ng'ambo na mfumo wa tathmini aliousifia sana. Kila baada ya miezi sita meneja alilazimika kuwapanga watu wake kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho lazima awepo hata kama kundi zima limefanya kazi vizuri. Tulikuwa sita katika kundi letu. Nakiri, bila fahari yoyote, kwamba katika mwaka wa pili wa mfumo huo niliona kosa katika msimbo, yaani maandishi ya programu, wa mwenzangu kabla haujapelekwa kwa wateja, nikanyamaza. Sikuwa na ugomvi naye. Nilijua tu kwamba mmoja wetu lazima awe wa sita.

Kisha ukaja usiku wa mwisho wa mwezi ambapo programu ya kukata marejesho ya mikopo ilijiendesha mara mbili, na wanachama wa SACCOS moja wakakatwa mara mbili. Kijana aliyekuwa zamu aligundua saa tisa usiku. Akamwandikia msimamizi wake kwamba kuna changamoto ndogo kwenye makato. Msimamizi akamwandikia meneja kwamba kuna marekebisho madogo yanaendelea. Meneja, asubuhi, akaripoti kwamba mfumo uko vizuri. Mkurugenzi alizipata habari kamili saa nne, kwa simu ya mwenyekiti wa SACCOS yenyewe, ambaye wakati huo alikuwa na wanachama waliokwisha kujaa mlangoni. Ndani ya saa saba habari ilikuwa imepita mikono mitatu, na kila mkono uliimenya kidogo hadi ikabaki maganda matupu.

Tukaitwa sote ukumbini, tukaulizwa swali moja: nani amefanya hivi? Kijana akasimama. Kabla ya wiki mbili kwisha hakuwa nasi tena. Hakuna aliyeuliza kwa nini programu iliruhusu kazi moja kufanyika mara mbili, na baada ya miezi mitatu jambo lilelile likajirudia. Safari hiyo hakuna aliyesimama.

Wako watakaosema huu ni woga tu. Mimi naona woga ni nusu ya habari. Sisi tumelelewa kutompelekea mkubwa habari mbaya ikiwa mbichi. Hata msiba huwa hautangazwi kwa mkupuo: mtu aliye safarini huambiwa kwanza kwamba mgonjwa amezidiwa, arudi nyumbani, na ukweli anaukuta turubai limekwisha kufungwa. Ni adabu, na nyumbani ina hekima yake, kwa kuwa aliyekufa hafi zaidi kwa kucheleweshewa mwanawe taarifa. Hitilafu ya programu ina tabia tofauti. Kila dakika ya staha ni watu wengine wanaokatwa fedha.

Linganisheni na kisa kinachojulikana sana katika kazi yetu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji wa programu kazi zao, alikuwa akihangaika usiku na hifadhidata mbili zilizopaswa kulingana. Alikusudia kufuta ile ya akiba, akafuta ile kuu. Alipogutuka na kusitisha amri, baada ya sekunde moja au mbili, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia nne na nusu. Ikabainika kwamba walikuwa na njia tano za kuweka nakala za akiba na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi inavyotakiwa. Kampuni iliyaandika hayo yote hadharani na kuionyesha kazi ya uokoaji moja kwa moja kwenye YouTube, na mhandisi yule hakufukuzwa. Sehemu ninayoipenda ni hii: nakala iliyowaokoa ilikuwa imechukuliwa kwa mkono na mhandisi huyo huyo, saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kama nao wangeanza kwa kumsimamisha ukumbini, sijui nani angewaeleza nakala hiyo ilipo.

Mkurugenzi wetu wa pili, mama aliyetokea idara ya TEHAMA ya benki, hakugusa maadili ya ukutani. Aliifuta safu ya tatu na mahali pake akaweka maswali mawili: nini kimeharibika, na nani anaumia sasa hivi? Jumatatu ya kwanza karatasi zote zilirudi zimeandikwa "hakuna". Yake peke yake ndiyo iliyokuwa na maneno: alikuwa ameahidi tarehe kwa mteja bila kutuuliza, tarehe hiyo haiwezekani, na wanaoumia ni ninyi mtakaokesha. Tulitazamana. Jumatatu iliyofuata bado tuliandika "hakuna", kwani mtu aliyekwisha kuona mwenzake akisimama na kutoweka haamini kwa karatasi moja. Ilichukua kama miezi miwili. Siku mwenzetu mmoja alipompigia simu saa sita usiku kumwambia, "Madam, nimefuta jedwali la miamala ya leo," alijibiwa, "Unamhitaji nani akusaidie?" Kufikia asubuhi ofisi nzima ilikuwa inajua jibu hilo, na nadhani lilifanya kazi kubwa kuliko vikao vyote.

Hata hivyo nawaomba wasomaji wasikimbilie kumsifu mtu mmoja. Mama huyu alikaa mwaka mzima akiwa bado na ule mfumo wa kupanga watu, kwa sababu wenye hisa waliupenda, na mwaka huo wote sisi tulimwambia yeye makosa yetu lakini hatukusaidiana wenyewe kwa wenyewe. Nilianza kumwonyesha jirani yangu makosa yaliyo katika msimbo wake baada ya mfumo kufutwa, si kabla.

Hapo ndipo mfano wa Microsoft, unaotajwa kila mara mjadala huu unapoibuka, husimuliwa vibaya. Kwa miaka mingi kampuni hiyo iliwapanga wafanyakazi kwa namna ya ule mtindo uliovumishwa na Jack Welch alipoiongoza kampuni ya Marekani ya General Electric, ambako asilimia 10 ya chini walitarajiwa kuonyeshwa mlango. Wafanyakazi waliozungumza na jarida la Vanity Fair mwaka 2012 waliulalamikia mfumo huo kuliko jambo lingine lolote. Leo sifa zote anapewa Satya Nadella, aliyeshika uongozi tarehe 4 Februari 2014 na kuhimiza watu wawe wanafunzi badala ya wajuaji. Anastahili sehemu yake. Lakini upangaji ule ulifutwa Novemba 2013, mtangulizi wake, Steve Ballmer, akiwa bado ofisini. Nadella alipoanza kuhubiri ushirikiano, adhabu ya kushirikiana ilikuwa imekwisha kuondolewa.

Kinachonivutia kwake ni jambo dogo zaidi. Oktoba 2014, katika mkutano wa wanawake wa fani ya kompyuta huko Phoenix, aliulizwa wanawake waombeje nyongeza ya mshahara, naye akashauri wauamini mfumo, malipo yatakuja yenyewe. Mimi ambaye nilisubiri miaka minne bila kuomba, na sikuona chochote kikija, naweza kushuhudia thamani ya ushauri huo. Siku hiyo hiyo aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba alilijibu swali vibaya kabisa. Hakuiita changamoto ya mawasiliano.

Naongeza neno kuhusu viongozi wanaosema "sisi hapa ni familia", kwa kuwa nimelisikia katika kampuni zote tatu nilizofanyia kazi. Microsoft ya Nadella ilitangaza kupunguza watu 18,000 Julai 2014, wengi wao wakiwa wametoka Nokia, ambayo biashara yake ya simu Microsoft ilikuwa imeinunua, na wengine 10,000 Januari 2023. Silitaji hilo kumlaumu. Kampuni ni kampuni. Lakini mfanyakazi akishaitwa mwana wa familia, kuuliza habari ya mkataba wake huonekana utovu wa adabu, na hapo tumerudi kwenye staha ileile iliyotugharimu saa saba.

Mama yule aliondoka baada ya miaka mitatu, nami nikahama muda mfupi baadaye. Nimesikia kwamba safu ya changamoto imerudishwa.

Sasa nasimamia vijana watano. Mwezi uliopita mmoja alikuja mezani pangu akasema, "Dada, kuna changamoto ndogo." Nilimuuliza nini kimeharibika na nani anaumia, akanieleza vizuri, tukalimaliza kabla ya chakula cha mchana. Jioni niliketi kumwandikia mkurugenzi wangu taarifa ya siku. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu nilipojiona nimeandika "marekebisho madogo".

Msomaji wenu,
Dar es Salaam