Sanamu ya Shujaa Wetu Tuiagizeje?

SWALI: Mhariri, manispaa yetu imetenga fedha za kusimamisha sanamu ya mzee aliyepigania uhuru, na madiwani wanataka itangazwe zabuni kama ya barabara, kazi apewe mwenye bei ya chini. Mimi ni mjumbe wa kamati na nina shaka. Je, ndivyo sanamu inavyoagizwa?

JIBU: Shaka yako ina msingi, kwa kuwa bei ya chini haikuambii kama mchongaji ataipata sura ya mzee wenu. Alikeni wachongaji watatu au wanne, mlipeni kila mmoja ujira wa kutengeneza kielelezo cha dhiraa moja, kisha mchague kwa kutazama.

Kielelezo kikikubaliwa, mchongaji hufinyanga sanamu nzima kwa udongo, na hapo ndipo mnapopaswa kukaza macho kuliko wakati mwingine wowote, kwa maana udongo husahihishwa kwa vidole, ilhali shaba nyeusi ikishamiminwa katika kalibu, pua iliyokosewa hurekebishwa kwa msumeno na moto, tena kwa gharama. Wapelekeni karakana watoto wa marehemu na wazee waliomjua, wamzunguke na kumtazama hata kwa nyuma, kwani mtu hutambulika pia kwa mabega yake. Mkataba useme wazi kwamba malipo ya awamu inayofuata hayatoki kabla hawajaridhika. (Mgeni rasmi siku ya uzinduzi hafai kuwa mtu wa kwanza kuuliza huyu ni nani.)

Amueni mapema pia atashika nini na atasimama wapi. Dedan Kimathi wa Nairobi, aliyezinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, ana bunduki na kisu, naye yuko kwenye mtaa wenye jina lake; Tom Mboya amesimama Moi Avenue, karibu na alipouawa mwaka 1969. Hata mwelekeo una maana: singe ya Askari wa Dar es Salaam, aliyezinduliwa mwaka 1927, inaelekea bandarini.

Tengeni fedha za kuiosha na kuipaka nta kila mwaka. Na kabla hamjatia saini, andikeni kalibu itabaki kwa nani, msije mkaikuta sanamu yenu ya pili imesimama mbele ya hoteli ya mji wa jirani.