Kitabu kinasema hivi, babu anasema vile: mtoto aamini nani kuhusu Majimaji?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Songea. Kitabu chake kinasema kwenye vita ya Majimaji Waafrika waliungana kumpinga Mjerumani, babu yake anasema wengine walikuwa upande wa Mjerumani. Sasa ananiuliza nani muongo, nimjibuje?

JIBU: Marahaba. Usimchagulie, mtume kwa babu na daftari. Amuulize, babu hii habari ulisikia kwa nani, na huyo aliyekusimulia wakati wa vita alikuwa wapi? Wazazi wengi hapo wanaogopa wanaona mtoto anamhoji mkubwa, lakini akiuliza kwa adabu wazee wanafurahi sana, mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walienda vijijini wakafanya hivyohivyo na mengi tunayoyajua leo kuhusu vita hii yametoka kwa wazee wale.

Na babu yuko sahihi. Vita ilianza 1905 Umatumbi, karibu na Kilwa, watu wamechoka kulimishwa pamba kwa lazima, ikafika mpaka kwenu Ungoni, ila Wahehe hawakuingia. Muulize mtoto kwa nini. Mkwawa, chifu wao, alipigana na Mjerumani miaka mingi mpaka akajiua 1898, watu waliotoka kwenye kipigo kile wewe ungekuwa wao ungeamuaje? Halafu askari wengi wa Mjerumani walikuwa Waafrika. Kitabu nacho hakijadanganya, kimefupisha tu, kinafuata simulizi ya enzi zile nchi ndo kwanza imepata uhuru inatafuta umoja, ikashika zaidi ule upande wa kuungana.

Zoezi ninalolipenda mimi ni la idadi ya waliokufa. Andika 75,000, makadirio ya Wajerumani, chini yake 250,000 hadi 300,000, ya mwanahistoria Gilbert Gwassa. Usimwambie ipi ni ipi! Muulize nani alihesabu, alihesabu nini, na nani angependa namba iwe ndogo. Mpe muda, asikimbilie jibu. Akikwama ndo umwambie jeshi la Mjerumani lilichoma mashamba na maghala ya chakula, aone mwenyewe kwamba aliyekufa njaa miezi kadhaa baadaye kuna mtu anamhesabu na kuna mtu hamhesabu.

Makumbusho ya Majimaji iko hapohapo kwenu, mpeleke. Kati ya walionyongwa na Wajerumani 1906 amtafute nduna (kiongozi wa Wangoni) Mkomanile, mwanamke, halafu aangalie kama kitabu chake kimemtaja, na kama hayumo akamuulize mwalimu wake darasani.